Masika ya Chupa

Jumapili, 6 Januari 1957

Mimi Severina, mjane wa Mika, wa milimani juu ya Ilula, leo nimeanza kuandika. Shule sikuwahi kukanyaga. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye darasa la ubatizo, kwa katekista Ambrosi ambaye alituchapa vidole kwa kijiti hata sisi tuliokwisha kuota mvi. Anasema herufi zisipotumika hutoroka kama kuku aliyenunuliwa jana. Basi nazifungia hapa.

Tena leo nina la kuandika. Baada ya ibada Liberatus alitusimamisha wote uwanjani akahutubu. Liberatus ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu anatambaa. Sasa ni mjumbe wa baraza la wilaya, anavaa tai, na akisema "ndugu zangu" anatazama juu kana kwamba ndugu zake ni kunguru.

"Ndugu zangu," akasema, "dunia ya leo inakwenda kwa mashine. Kule Mbeya yupo Mwafrika mwenzetu ana mashine yake mwenyewe ya soda. Yake! Na sisi hapa tuna nini? Tunagema ulanzi, tunakunywa, tunalala, tunaamka kugema!"

Watu wakacheka. Walevi ndio waliocheka zaidi.

Akasema baraza linataka mianzi yote ya bondeni ing'olewe, ipandwe miwati, magome yake yauzwe kiwandani kwa kulainishia ngozi. Shauri litakatwa mwezi wa tano, masika yakiisha.

Mianzi ya bondeni ni yangu. Mika aliipanda mwaka tuliooana, alikwenda kuchukua miche Dabaga akaibeba begani. Sikucheka.

Jumatatu, 7 Januari

Mvua. Nimegema. Sijasema na mtu.

Jumatano, 9 Januari

Liberatus amekuja, bila tai.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Kaa kwenye hicho kigoda cha mwanzi kabla hujaking'oa."

"Mama, usichukue maneno ya mkutano ukayaleta jikoni."

"Wewe ulichukua ya jikoni ukayapeleka mkutanoni. Nani alikusomesha? Daftari, kaptula, nauli ya Iringa, vyote vilidondoka kwenye mbeta zangu."

Niandike kwa anayesoma kama si wa huku. Masika yakianza, mwanzi huchipuka. Chipukizi tunalikata ncha, tunalifunga mbeta, yaani kikombe cha mwanzi huo huo, na maji matamu hudondoka, ndio ulanzi. Asubuhi na jioni unakata kidogo tena. Ule wa siku hiyo tunauita mtogwa, hata mtoto anakunywa. Ukilala unakuwa mkangafu, huo unamwangusha mtu mzima. Ukilala tena ni siki.

Liberatus akanywa mtogwa, akapangusa midomo. Akasema, "Ndiyo maana nataka watoto wa wengine wasomeshwe na kitu kikubwa zaidi. Mama, ulanzi hausafiri. Ukitoka hapa asubuhi mzuri, ukilala Iringa umeshageuka. Kitu kisichosafiri hakiwezi kuwa biashara."

Nilikasirika kwa sababu ni kweli.

"Basi usafirishe. Si wewe unayejua mashine?"

Aligeuza mbeta mkononi. Nikamwona yule mtoto aliyekuwa akifungua saa ya katekista ili aone anayegonga ndani. Akasema polepole, "Chupa. Kama soda."

"Ukifika Iringa ukiwa mzima, bado mtang'oa mianzi yangu?"

"Ukifika mzima, mama, mimi mwenyewe nitasimama barazani niitetee."

Jumapili, 20 Januari

Evarista, jirani yangu, kaja kunong'ona. Evarista alipika miaka mingi kwa masista wa misheni, na hapiti siku bila kutukumbusha. Anasema Mzee Jailos, mwenyekiti wa baraza, amemwahidi Liberatus usimamizi wa shamba la miwati. Pamoja na pikipiki.

"Pikipiki, Severina. Sasa unafikiri atatetea mianzi yako?"

Nikamwambia arudi kwake akakinge maji, paa lake linavuja. Ni kweli linavuja. Lakini sikula vizuri.

Alhamisi, 31 Januari

Mvua. Nimeteleza kwenye ngazi ya bondeni, goti limevimba. Nimegema.

Jumamosi, 16 Februari

Chupa alizoagiza Liberatus zimefika Ilula. Kaziteremsha Alinanuswe, dereva wa basi linalotoka Mbeya. Ni Mnyakyusa, mdomo haupumziki.

"Bibi, nimebeba chupa tupu kutoka Mbeya mpaka hapa. Kwetu mtu akikuletea chupa tupu amekutukana."

"Kwetu mtu akileta mdomo mtupu anapewa mhogo. Kaa ule."

Amekula. Kaniambia yule bwana wa soda kasema tusifunge kwa nguvu, tuache nafasi shingoni.

Jumatatu, 25 Februari

Leo tumejaza, Jumamosi zinapelekwa Iringa kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, azionje. Liberatus alichemsha chupa kwanza, kama bwana wa soda alivyomwelekeza. Nilimcheka, kupika chupa! Lakini zilitoka zinang'aa. Amechonga vizibo vizuri, kila kimoja kinakaa. Mkono anao.

Alivyokuwa akiviweka vilikaa juujuu. Nikamwambia hivyo vitavuja. Akasema viachwe hivyo hivyo, ulanzi unapumua.

"Unapumua? Una pua?"

Huyu hajaoa, hajui. Kwetu ukipeleka ulanzi ukweni na mbeta ikavuja njiani, wakwe hawaupokei. Wanakuuliza kama binti utamtunza hivyo hivyo. Mika alizifunga mbeta zake kwa magome mpaka baba yangu akatumia kisu kuzifungua, na baba akasema huyu ni mume. Sasa nipeleke chombo kinachovuja mbele ya Bwana DC?

Liberatus alipokwenda kulala nilivigongelea vizibo vyote kwa mchi, nikavifunga kwa waya wa uzio. Vimekaa kama meno.

Jumamosi, 2 Machi

Leo nitaandika yote.

Asubuhi tulishuka Ilula mimi na Liberatus na kreti moja. Chupa nyingine tuliziacha jikoni kwangu. Jailos alikuwa anatusubiri Iringa bomani pamoja na Bwana DC. Nilivaa kanga ya Krismasi. Liberatus tai. Alinanuswe akaliweka kreti mbele, miguuni petu, akasema wafalme wasafiri na mizigo yao.

Jua lilitoka kali baada ya mvua za juma zima. Basi lilikuwa linapanda kona kwa kona, linatikisika, injini inaguna. Liberatus alikuwa ananieleza. Hajawahi kunieleza mambo yake hivi. Alisema siku moja huku juu patakuwa na nyumba ndefu yenye bati, ndani yake mikanda inazunguka, chupa zinatembea zenyewe, na watu wa huku ndio wenyewe, si vibarua. "Mama, mimi sichukii mianzi. Nachukia tukiambiwa sisi ni wa kuchuma tu, wa kutengeneza ni wengine." Nikamtazama. Nikafikiri, kumbe maneno yale si ya kutafutia kura. Anayaota.

Ndipo chupa ya kwanza ikasema PAA!

Nyuma yetu alikaa mzee mmoja aliyekuwa askari vitani kule Bama. Alijitupa chini ya kiti akapiga kelele, "Laleni chini! Laleni!" Watu wakalala. Mama mmoja akamlalia kuku wake. Chupa ya pili, ya tatu, sasa haziachani, vioo vinaruka, ulanzi unaruka mpaka kwenye paa la basi na kutudondokea. Mimi nilibaki nimekaa, sikuelewa. Nilichosikia ni uzito. Liberatus alikuwa juu yangu, amenifunika kichwa na mabega, na kila mlio nilimsikia anashtuka lakini hakuondoka.

Basi lilisimama. Injini ikazima. Tone, tone, tone.

Alinanuswe akageuka, ulanzi unamchuruzika usoni. "Wazee wangu," akasema, "basi langu limelewa."

Mtu mmoja akalamba mkono wake. "Ila ni mtamu."

Hapo ndipo nilipoona damu. Sikio la Liberatus lilikuwa limepasuka na kiganja kimechanika. Nilirarua kanga ya Krismasi nikamfunga. Nikamwambia, "Ni mimi. Niligongelea usiku, nikatia waya." Akasema, "Najua, mama. Niliuona waya asubuhi. Nikaona aibu kukuvunjia heshima mbele ya dereva."

Wapumbavu wawili.

Tulifika bomani tunanuka kama kilabu. Bwana DC alikuwa muungwana, alitupa viti. Jailos hakutupa kitu. Alimzunguka Liberatus kama anayenunua mbuzi.

"Mjumbe, kiwanda umekuja nacho mwilini?"

Makarani wakacheka. Liberatus alisimama wima, ulanzi umekauka kwenye tai yake, akasema, "Mzee, jaribio limeshindwa. Kosa ni langu. Nilielezwa kitu na mwenye kujua, sikusimamia."

Hakunitaja. Nilikuwa pale pale, na hakunitaja.

Jumatano, 6 Machi

Jumatano ya Majivu. Watoto nje ya kanisa waliimba "Bwana Chupa, Bwana Chupa, paa!" Nilimshika mmoja sikio. Padri alikuwa bado hajaniosha moyo.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Liberatus haonekani. Nimempelekea ugali na maharage, nikauacha mlangoni.

Jumamosi, 9 Machi

Kumbe zile chupa za jikoni nilizisahau. Nimerudi kutoka bondeni nikakuta zimepasuka zote na jiko zima linatiririka. Mbaya zaidi ni unga wa Evarista. Alikuwa ameuweka kwangu unga wake wa ngano wa Pasaka, kwa sababu ya lile paa lake, ndani ya karai kubwa lenye kitambaa. Vioo vimebaki juu ya kitambaa, namshukuru Mungu, lakini ulanzi umepita wote. Umekuwa uji mzito.

Kumwaga ngano siwezi, mikono inakataa. Nimeongeza unga wangu kidogo, nimeukanda ukawa donge, nimeufunika. Kesho nitamwambia.

Jumapili, 10 Machi

Sikuwahi kumwambia. Alikuja mwenyewe baada ya ibada, kanusa mlangoni.

"Severina, nyumba yako inanuka kilabu. Kwaresma hii."

"Chupa zimepasuka."

"Unga wangu uko wapi?"

"Uko karaini. Evarista, kaa kwanza."

"Sikai. Unga wangu uko wapi?"

Akafunua kitambaa, nami nikaangalia pamoja naye, maana tangu jana sikuwa nimeangalia. Lile donge lilikuwa limevimba limejaa karai, limepanda mpaka ukingoni kama tumbo la mja mzito. Nilijishika kifua. Nilidhani ni adhabu.

Evarista, ambaye alikuja na matusi tayari mdomoni, hakutukana. Alibonyeza kwa kidole. Donge likabonyea, halafu likarudi taratibu. Akabonyeza tena. Akachekacheka peke yake.

"Mama wee. Hii ni kazi ya hamira. Masista walikuwa wanaletewa kwenye kopo kutoka ng'ambo, ikichelewa hatuli mkate mwezi mzima." Akanigeukia kwa hasira. "Miaka yote ile hamira ilikuwa inadondoka bondeni kwako, na wewe unawapa walevi!"

"Mimi ningejuaje? Wewe ndiye uliyekaa na masista!"

"Na wao je, walikuwa na mianzi?"

Tuligombana hivyo huku tunawasha moto. Tukaoka ndani ya chungu, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Upande mmoja uliungua. Lakini ulipovunjwa ndani ulikuwa mweupe, una vitundu, unatoa mvuke. Tulikula wima. Evarista alilia kidogo, akasema ni moshi.

Jumatatu, 11 Machi

Katekista Ambrosi amekula vipande vitatu, kisha kauliza kama ni dhambi, kwa kuwa kuna ulanzi ndani na ni Kwaresma. Nikamwambia amuulize aliyekula.

Jumanne, 12 Machi

Nimempelekea Liberatus mkate, nikagonga mpaka akafungua. Ndevu zimemwota. Sikumpa pole. Nilimwambia, "Kula, halafu uniambie kwa nini mkate huu umevimba."

Alikula. Akauvunja mwingine, akatazama vile vitundu kwa muda mrefu, akaanza kutabasamu upande mmoja, ule usio na bandeji.

"Mama, ni ile ile. Ile pumzi iliyopasua chupa ndiyo iliyoinua mkate. Tulikuwa tunaifungia. Ilitaka kazi."

Sipendi kumsifu mtu anayehutubu, lakini hayo ni maneno mazuri.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Sasa anakuja kila siku. Chungu kinaoka mkate mmoja mmoja, anasema hiyo si kazi. Kachora tanuri kwenye jivu. Nikamwambia udongo wa kichuguu ndio unaoshika. Akasema wa kichuguu sawa, lakini dari liwe la upinde, ameona tanuri la matofali Mbeya, upinde haudondoki. Nikasema utadondoka. Tumekubaliana kuona.

Ijumaa, 22 Machi

Haukudondoka. Mlango kaukata kwenye pipa la mafuta, kauwekea bawaba na mkono wa mbao usiounguza. Unafunga kimya kabisa. Nimeufungua na kuufunga mara nyingi, hakuna mtu alikuwa ananiona.

Jumatano, 27 Machi

Tulishuka Ilula na kapu la mikate. Barabara ilikuwa imekatika huko chini, basi halikuja. Tuligawana na wauza nyanya tukapanda mlima tumeloa. Evarista kanilaumu mimi, mimi nimelaumu serikali.

Jumamosi, 30 Machi

Basi limekuja! Alinanuswe aliponiona na kapu alifunga mlango.

"Bibi, hapana! Nimeosha hili basi kwa maji ya moto!"

"Fungua, mwanangu. Hii haipasuki."

Akachukua mkate kwa vidole viwili, akauweka sikioni asikilize. Abiria wakacheka. Akauma. Akatafuna. Akasema kwa sauti ya kanisani, "Enyi watu wa basi hili, teremkeni." Waliteremka. Hatukubakiza hata kipande cha kuliwa njiani.

Jumamosi, 6 Aprili

Wanawake wa bonde zima sasa wanaleta ulanzi wao asubuhi. Aliye na ngano analeta ngano, asiye na kitu anakata kuni. Liberatus kapanga zamu za tanuri, nani anakanda, nani anaoka, nani anashuka barabarani. Mwanzoni nilisema mimi sipangwi na mtoto niliyemwosha. Lakini leo, kwa mara ya kwanza, nimekaa chini mchana kabla ya kazi kuisha, na kazi ikaendelea bila mimi. Kumbe hiyo nayo ni mashine.

Kilabuni wanaume wananung'unika kuwa ulanzi umeadimika. Wake zao hawanung'uniki.

Jumanne, 9 Aprili

Jailos kapita, juu ya farasi wa misheni wa kuazima. Kala mkate, kasema mtamu. Halafu kamvuta Liberatus pembeni, lakini yule mzee ni kiziwi kidogo, anasema kwa sauti.

"Mjumbe, haya ni mapishi ya akina mama. Si maendeleo. Mwezi wa tano simama useme ulivyosema mwezi wa kwanza, na pikipiki ni yako."

Liberatus akasema, "Nimekusikia, mzee."

Nimekusikia. Ndiyo au hapana?

Jumatano, 10 Aprili

Sikumwuliza.

Alhamisi, 11 Aprili

Sikumwuliza. Nimeunguza mikate.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Kristo amefufuka, na mkate wa chai ya baada ya ibada ni wetu. Padri kaushika juu akaonyesha watu kabla ya kuula. Evarista alikaa mstari wa mbele kama Bibi Malkia.

Mvua zinapungua. Mbeta ya asubuhi haijai. Naiona kila siku. Masika yakiisha mwanzi unakauka, na ulanzi ukiisha hamira inaisha. Na baraza linakuja pale pale.

Jumapili, 5 Mei

Leo matone tu.

Jumanne, 14 Mei

Baraza limekaa Ilula, chini ya turubai. Bwana DC mezani, sinia la mikate aliyooka Evarista mbele yake, Jailos kulia kwake, wajumbe kwenye mabenchi, sisi wanawake nyuma tumesimama. Nilivaa kanga iliyoraruka, nimeishona.

Jailos alisema vizuri, nisimdhulumu. Miwati inaleta mapato ya hakika, magome yana mnunuzi, vijana watapata kazi. Kisha akasema, "Hoja hii ililetwa na mjumbe wa milimani. Namwita aimalize."

Liberatus akasimama. Kovu la sikio lilikuwa jekundu. Hakutazama juu, alitutazama sisi.

"Mwezi wa kwanza," akasema, "niliwaambia mianzi ing'olewe. Nilikosea."

Benchi zima likageuka. Nimekwenda mikutano mingi ya hawa watu, neno hilo nilikuwa sijalisikia hata mara moja. Jailos aliweka mkono nyuma ya sikio kama hakusikia.

"Nilikosea, mzee! Nilidhani kiwanda ni kitu kinacholetwa kwa lori. Nikaona tuuze magome tuwe wa kisasa. Lakini gome tutaliuza likiwa gome, na anayelifanya ngozi ni mwingine. Mkate unatoka kwetu ukiwa mkate. Bado nataka mashine. Nataka ya kusaga ngano, nataka tanuri kubwa, na nitazitafuta. Lakini nataka mashine ije kusaidia kitu tunachotengeneza wenyewe. Miwati ipandwe kule mlimani ambako pako wazi, siikatai. Bonde liachwe."

Nilikaza fundo la kanga.

Jailos si mjinga. Aliinama akatabasamu, akauliza swali moja tu. "Ulanzi ni wa masika. Sasa masika yameisha. Mjumbe, kiangazi mtainua mikate kwa hotuba?"

Watu wakacheka. Liberatus akatugeukia sisi nyuma. Bwana DC akaweka kalamu chini. Mimi nilikuwa najua kuwa hakuna jibu, nimelala na swali hilo tangu Pasaka. Nikaona mianzi ya Mika imelala chini yote.

"Tunabakiza!"

Ni Evarista. Alikuwa anapasua watu kwa viwiko.

"Nani anasema?" akauliza Jailos.

"Mimi mpishi wa masista! Kopo la hamira likikaribia kwisha, sista alikuwa anabakiza donge la leo, analichanganya na unga wa kesho, na la kesho linainua la keshokutwa. Tulikaa hivyo miezi. Mimi nimeshabakiza tangu Jumamosi, na mikate mnayoila hapo mezani imeinuliwa na donge, haina tone la ulanzi mpya!"

Bwana DC alikuwa ameshika kipande. Akakitazama. Akakila.

"Mbona hukuniambia?" nikamnong'oneza Evarista aliporudi.

"Ulinilaumu juzi kwa mchi wako niliouazima bila kurudisha. Nikasema akae na wasiwasi kidogo."

Ningempiga. Nilimkumbatia mpaka akakohoa.

Wajumbe wakanyoosha mikono. Miwati inapandwa mlimani. Bonde linaachwa, na baraza litatazama tena mwaka ujao. Si milele, ni mwaka. Mwaka mmoja ni masika mazima.

Jailos alikunja karatasi zake. "Usimamizi wa miwati atapewa mwingine," akasema. "Na pikipiki."

"Ni sawa, mzee," akasema Liberatus.

Tulipanda mlima kwa miguu sote. Kwenye mteremko mbaya alinishika mkono, nami sikumwambia naweza mwenyewe.

Jumatano, 15 Mei

Jua. Tumelala mpaka kukakucha. Tumeoka.

Jumapili, 19 Mei

Mbeta zimekauka, leo tumezifungua zote. Mwisho wa masika kuna kazi moja, kuchagua machipukizi ya kuacha. Uliyogema hayawi mwanzi tena. Ambayo hukuyakata ndiyo yatakayokua. Mika alikuwa anaacha machache, na mimi tangu afariki nimekuwa naacha machache zaidi. Niligema karibu kila kilichochipuka, maana nilijisemea nani atakuja kugema baada yangu.

Mwaka huu kila shina niliacha mengi, tangu zile siku za tanuri, sikumwambia mtu kwa nini. Leo Liberatus alitembea kati yake, akaniuliza haya yote ni ya nini, yatachukua miaka kukomaa.

Nikamwambia ashike ncha ya kamba. Tunapima bonde la upande wa pili, ambako bado hakuna mianzi.